Msomaji wa Visu

Mke wangu huwaambia wageni kwamba wanaume wengine wa rika langu hapa Sydney walipoona uzee unakaribia walinunua pikipiki, wengine wakaanza kukimbia bustanini na kaptula za kubana, na yeye akabahatika kupata mtu anayezungumza na visu. Hasemi kwa uchungu. Husema huku akipitisha sinia ya chai, kisha huwaonyesha wageni choo kiko wapi.

Visu vyenyewe si vya jikoni. Ni visu vya Kimarekani vya zamani, vile visivyokunjwa, vinavyokaa ndani ya ala ya ngozi na kuning'inia kwenye mshipi. Kuna vya wawindaji na kuna vya askari. Askari wa Marekani walipita Australia kwa wingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakielekea visiwani, na wengine waliacha visu vyao kwa marafiki, kwa wachumba, au juu ya meza za baa. Ndiyo maana hata leo, mzee wa Kizungu akifariki huku kwetu magharibi mwa jiji, na watoto wake wakamwaga vitu vyake kwenye nyasi za mbele ya nyumba Jumamosi asubuhi ili viuzwe, kati ya makopo ya misumari na viatu vya gofu utakuta kisu. Na karibu na kisu utanikuta mimi nimechuchumaa, miwani imeshuka puani, nanusa ngozi.

Nilianza kwa bahati mbaya. Nilikuwa natafuta kisu cha nyama choma. Mama mmoja wa mtaa wa Seven Hills, nyumba za nyuma ya stesheni, aliniuzia kimoja na kuniambia baba yake alipewa na Mmarekani. Kilikuwa na mfereji mdogo ubavuni, nami nikajua papo hapo, bila kuambiwa na mtu, kwamba ule ni mfereji wa kupitishia damu. Nikawaeleza wanaume wenzangu wa kanisani siku ya barbekyu, nikiwa nimepunguza sauti inavyostahili. Nikakiita kisu cha komando. Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa heshima pale kwenye moto.

Kisha nikanunua kioo cha kukuzia herufi, nikaisoma chapa, nikaitafuta kwenye mtandao. Kisu cha komando kilikuwa kimetengenezwa baada ya vita, kwa ajili ya watoto wa skauti, wajifunze kuchonga vijiti vya kuchomea soseji. Mfereji ni wa kupunguza uzito tu. Wanaume wa kanisani hawajasahau hata leo, na mmoja wao, ambaye ni nesi, bado huniuliza kama makomando walifaulu mtihani wa kufunga mahema.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikaapa kwamba sitadanganywa tena. Kazi yangu ni katika ofisi ya bima kule Parramatta, na kazi yenyewe ni kusoma madai ya watu: huyu anasema bomba limepasuka likaharibu zulia jipya, nami natazama picha na kuona zulia lilikuwa na umri wa kuoa. Kwa hiyo kutwa nzima nikawa natafuta uongo kwa mshahara, na jioni nikawa nautafuta kwa raha zangu.

Kusoma kisu, maana ndivyo nilivyopenda kuiita kazi hiyo, unaanza na chapa. Pale ubapa unapokutana na mpini, kiwanda kiligonga jina lake na la mji wake, na miaka ilivyokwenda wakawa wanabadilisha herufi kidogo kidogo, mstari hapa, nukta pale. Kisha unashuka kwenye mpini. Mipini mingi ya visu hivi ni viduara vya ngozi vyenye tundu katikati, vimepangwa kimoja juu ya kingine kwenye mkia wa chuma wa ubapa, vikabanwa kwa nguvu, vikafungwa kwa kitako cha chuma, kisha vikapigwa msasa mpaka vikawa kitu kimoja. Ngozi ya zamani hunywea. Huwa nyeusi pale kiganja kinapokaa, na kati ya kiduara na kiduara hubaki nyufa ndogo ambazo ukucha unazisikia. Ngozi iliyojaa vizuri na kung'aa sawasawa kila mahali ni ngozi ya juzi, hata muuzaji akiapa kwa kaburi la mama yake.

Niliwahi kujaribu kuunda mpini wa namna hiyo mwenyewe. Ulitoka umepinda, na viduara vikaanza kuachana kabla sijamaliza kujisifu. Mke wangu aliuchukua bila kuniuliza, na mpaka sasa ndio unaoshikilia dirisha la gereji lisijifunge.

Sheria kuu ya wakusanyaji wa visu ni kwamba kisu hakinolewi, hakisuguliwi, hakitumiki. Ukikisugua umekiua. Nina kabati zima la visu ambavyo haviwezi kukata nyanya. Mke wangu amemweleza mama yake jambo hili kwenye simu zaidi ya mara moja, nami nimekisikia kimya cha mama mkwe wangu kikifika wazi kabisa kutoka kwetu Nyeri.

Haya yote yangebaki kuwa wazimu wa nyumbani kama ningejua kufunga mdomo. Binti yetu alipotimiza miaka ishirini na mmoja tulialika watu. Rafiki yangu mmoja, mtu mzima anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuja na kisu alichoagwa nacho na wenzake kazini. Walimwambia ni cha vita. Alikifungua mezani karibu na keki akasema, "Chifu, hebu tusomee."

Ningeweza kusema ni kizuri, tukala keki. Nilisema kimetengenezwa mwaka uliopita. Nikaeleza namna walivyokizeesha kwa majani ya chai, nikamsogezea ala puani ajionee mwenyewe. Watu wakacheka, naye akacheka nao kidogo. Kisha akakiviringisha katika taulo lake na kuaga kabla keki haijakatwa. Binti yangu aliikata ile keki akiwa ananitazama mimi.

Aliyemposa binti yangu ni Mkongomani wa Bukavu. Walijuana wakati binti anasoma chuo kikuu cha Kensington. Kijana alikuwa amepanga chumba katika nyumba moja na wanafunzi wa kwetu. Alifika nchi hii mdogo, pamoja na mama yake, baada ya miaka ya kambi ya wakimbizi, na sasa anasimamia zamu katika ghala moja la pale viwandani Seven Hills. Ni mpole, mrefu, na ana tabia moja ambayo sikuwahi kuiona kwa kijana yeyote aliyeingia nyumbani kwangu: aliuliza habari za visu, akaketi kusubiri jibu.

"Baba, hizi ngozi," aliniuliza Jumapili moja, "zinashikana namna gani? Ni glue?"

"Gundi ni ya wavivu," nikamwambia, na hapo nikafunguka. Nikamweleza namna ngozi inavyolowekwa, namna inavyobanwa siku nyingi bila haraka, rangi inavyopakwa, na mwisho nta ya nyuki inavyosuguliwa kwa kitambaa cha moto mpaka inywewe. Nikamweleza makosa ya watu wengine wote. Chakula kilipoa. Jumapili iliyofuata alirudi na maswali mengine, na nyingine tena. Nilimwambia mke wangu kwamba huyu kijana ana kichwa. Sikumuuliza hata mara moja anauliza kwa nini. Mimi nilikuwa nimepata msikilizaji, na mtu akipata msikilizaji haulizi mengi.

Jumapili moja niliona vidole vyake alipopokea sahani. Kuzunguka kucha kulikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, na kidole gumba kimefungwa plasta. Alipoondoka nikamwambia mke wangu kwamba kijana ni mzuri lakini kunawa bado.

"Anafanya kazi ghalani," mke wangu akasema. "Maboksi yana wino."

"Maboksi gani yenye wino wa rangi ya kiwi ya viatu?" nikasema, nimeridhika sana na uchunguzi wangu. Uchunguzi wenyewe uliishia hapo.

Siku ya kuleta mahari ilipokaribia, binti alikuja jikoni akasimama mbele yangu. Kwa kawaida mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiingereza, na tumezoea. Akianza kuvuta Kiswahili, najua jambo ni zito.

"Dad, watakuletea kisu," akasema. "I told him anything but a knife. Hasikii."

"Basi nitashukuru."

"No, listen. Hutasema ni fake. Hata kama ni ya plastic. Mama yake atakuwa pale, na uncles zake wote. Ukimwaibisha mbele yao kama ile birthday yangu, hawatarudi hapa. And honestly, Dad, sijui kama mimi nitarudi."

Maneno yale ya mwisho aliyasema polepole, akiyatafuta moja moja. Nikaapa. Mke wangu akasimama mlangoni na mwiko mkononi awe shahidi. Usiku ule nililala nikiwa na hofu ya kweli, kwa sababu najijua. Nina mtoto mmoja tu, na nina ulimi mmoja, na mpaka siku ile sikuwa na ushahidi kwamba naweza kuuzuia ulimi kwa ajili ya mtoto.

Tulikodi ukumbi Seven Hills, kati ya karakana ya matairi na jengo la friji za nyama. Upande wao waliingia wakiimba, wamevaa kitenge cha aina moja kuanzia kwa bibi mpaka kwa mtoto wa kubebwa, na sisi tuliovaa kila mtu alichokipata tukajiona kama watu waliokuja kukagua umeme. Jikoni mukimo wetu ulikaa kando ya sombe yao ya majani ya muhogo, na akina mama wa pande mbili walikuwa wanabishana kwa adabu kubwa kama fufu ni ugali. Rafiki yangu wa majani ya chai alikuwapo pia, meza ya nyuma. Tulikuwa tumepatana zamani, lakini aliposikia kuna kisu alivuta kiti chake kikatazamana na jukwaa.

Kwao zawadi haipokelewi kimyakimya. Inainuliwa, inatajwa, na aliyepewa anasema neno ili watu wote wajue imefika. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa kijana, mwanamume mkubwa mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, ila alikishika hata hivyo. Mke wangu akapewa vitenge. Mimi nikapewa suti ambayo ingewatosha wawili kama mimi. Nadhani walisikia bima wakafikiria tumbo. Kisha likaja sanduku dogo la mbao.

Nikalifungua. Nisameheni, lakini kwa muda nilisahau kwamba kuna mahari. Ubapa ulikuwa wa kijivu cha giza, chapa imelika nusu lakini inasomeka, mkunjo wa ncha ni ule wenyewe. Kilikuwa kisu cha askari, cha wakati wa vita, kile nilichokuwa nakitafuta tangu wazimu wangu uanze, na ambacho nimeonyeshwa bandia zake mpaka nimechoka. Hiki ubapa wake ulikuwa wa kweli.

Kisha macho yakashuka kwenye mpini. Ulikuwa mpya. Viduara vimejaa, vimekazana, vinang'aa sawasawa kutoka juu mpaka chini, na harufu ya nta haikuwa imetulia bado. Nikaelewa papo hapo, maana mimi huelewa haraka. Kuna tapeli mahali fulani aliyeokota ubapa wa zamani, akaupachika mpini wa jana, akamwambia mkwe wangu kwamba ni kisu kamili. Kijana kauziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa ajili yangu. Nilimwonea huruma sana.

"Baba mukwe," msemaji akasema, "batu banatuambia we unajuaka visu kuliko bote huku Sydney. Basi utusomee hiki, bote basikie."

Akanipa kipaza sauti. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, midomo imebanwa. Mke wangu alikuwa anatazama dari. Kijana mwenyewe alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, macho yamemtoka, ananingoja.

Nikaanza na ubapa, na hapo nilisema kweli tupu. Nikasoma chapa, nikaeleza vita, nikaeleza askari waliopita bandarini. Watu wakasikiliza vizuri. Nikafika kwenye mpini. Nilisikia maneno ya kweli yakipanda kooni, yana hasira, yana hata jina la nta, nikayameza. Kisha, kwa sababu mimi sijui kunyamaza kwa kiasi, nikazidisha.

"Na mpini huu," nikasema, "ni ule ule wa kiwandani. Haujaguswa na mkono wa mtu tangu siku hiyo. Kazi ya namna hii siku hizi hakuna anayeiweza."

Vigelegele. Msemaji akanikumbatia mpaka miwani ikahama. Binti yangu akashusha pumzi na kunitumia busu la mbali, nami nikarudi kitini kifua mbele. Nilijiona nimekuwa mzee wa kweli, mtu aliyeujua ukweli na kuuweka mfukoni kwa upendo. Nilitamani hata kumwambia mtu.

Kijana peke yake hakuchangamka. Alipiga makofi kidogo, kisha akatazama magoti yake. Mama yake aliinama akamuuliza kitu, naye akatikisa kichwa. Nikasema moyoni, ona adabu ya mtoto huyu, hataki kujikweza.

Kwao, kama kwetu, siku hiyo mkwe ndiye anayewanawisha wakwe mikono kabla ya chakula. Alikuja na birika na beseni, taulo begani, akaanza na mimi. Akainama. Maji ya vuguvugu yakaanza kumiminika, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vikawa karibu kabisa na miwani yangu, kwenye mwanga, havina pa kwenda.

Rangi ya kahawia ilikuwa chini ya kucha, ile isiyotoka kwa sabuni kwa sababu ni rangi ya ngozi za viatu na mishipi. Kwenye kidole gumba, mahali palipokuwa na plasta, kovu lilikuwa limenyooka kama alama ya kisu kilichoteleza kikikata duara. Ubavuni mwa kidole cha shahada kulikuwa na sugu ndogo ya mtu aliyeshika msasa kwa wiki nyingi. Nikavitazama vidole, nikalitazama sanduku mezani, nikavitazama tena.

"Ulibana na nini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

Hakujifanya hakuelewa. "Na jeki ya gari, Baba. Clamp ilivunjika."

"Na nta?"

"Ya nyuki. Na kitambaa cha moto, vile ulisema."

"Ubapa ulitoka wapi?"

"Kwa mzee moja wa kazini. Mpini ilikuwa imeoza yote. Alitaka kutupa."

Maji yalikuwa bado yanamiminika, mikono yangu safi zamani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uone mwenyewe." Akaendelea kumimina. "Nilijua utaona straight away. Nilimwambia mama, Baba akishika tu, ataona."

Nikamwambia kwamba niliona. Nikamwambia nilijua ni mpini mpya tangu nilipofungua sanduku, ila nilidhani amedanganywa na mtu, nikanyamaza ili nisimwaibishe. Alinisikiliza akiwa ameinama vile vile. Kisha akasema, "Hakuna shida, Baba," akanipa taulo, akamwendea mke wangu.

Sijawahi kuambiwa maneno makali kuliko yale. Nilikaa pale na taulo nikiyakumbuka niliyosema: haujaguswa na mkono wa mtu, hakuna anayeiweza. Jumapili zote zile alikuwa ananiuliza, nami nikamjibu bila kumwona. Akaenda akajikata, akarudia, akangoja mtu mmoja duniani anayeweza kuisoma kazi yake aisome mbele ya mama yake. Na mtu huyo, ambaye maisha yake yote hajawahi kunyamaza mahali palipofaa, alichagua siku hiyo.

Nikasimama. Mke wangu akanishika koti. "Mzee, keti. Uliapa." Nikamwachia koti, nikaenda mbele nikiwa na shati tu. Binti aliniona nikichukua kisu na kipaza sauti kwa pamoja, na uso wake ukabadilika. Akatikisa kichwa polepole. Alitamka kwa midomo tu, bila sauti, "Dad, no."

"Nilisema uongo," nikasema.

Watu wakageuka kunitazama. Hata akina mama wa jikoni wakatoka mlangoni. Rafiki yangu wa majani ya chai akaweka glasi chini na kujinyoosha vizuri. Ningepaswa kuanza kwingine, nalijua hilo sasa, lakini mimi ni mtu wa bima, naanza na ushahidi. "Mpini huu si wa vita," nikaendelea. "Ni mpya. Nilijua ni mpya nikasema ni wa zamani. Harufu ya nta bado iko."

Minong'ono ikapita upande wa vitenge. Mama wa kijana alikuwa amesimama. Binti yangu alikuwa anakuja kati ya meza kwa hatua ndefu, macho yamejaa machozi, na nilijua anakuja kuninyang'anya kipaza sauti, na kwamba akifika kabla sijamaliza nimempoteza.

Msemaji akanyanyua mkono. Hakuwa na tabasamu tena. "Sasa, baba," akasema, "kisu ni cha kweli ao si cha kweli?"

"Ubapa ni wa Marekani," nikasema. "Mpini ni wa Seven Hills. Aliyeutengeneza ni huyo hapo mwenye birika, kwa mikono yake, na mpini ni bora kuliko ubapa."

Binti yangu akasimama pale alipofika, kati ya meza mbili. Akageuka kumtazama mchumba wake, akavitazama vidole vyake kwenye birika. Nikaona naye hakuwa anajua.

Basi nikausoma mpini, safari hii inavyotakiwa. Nikawaonyesha viduara vilivyopangwa mpaka ukucha haupati pa kuingia. Nikawaonyesha kitako kilivyokaa sawa bila tone la gundi, na mahali pa kiganja alipopachonga kwa ukubwa wa mkono wangu. Hilo sikuwa nimeligundua mpaka wakati ule ule nilipofunga vidole. Nikawaambia kazi hii ni ngumu, kwamba mimi mwenyewe niliijaribu nikashindwa vibaya.

"Wake unashikilia dirisha la gereji," mke wangu akasema kutoka kitini, kwa sauti ya kusikika.

Ukumbi ukacheka, na msemaji akacheka kuliko wote. Rafiki yangu wa meza ya nyuma akauliza kwa sauti kama nimenusa vizuri, isije ikawa ni chai, nikamwambia nimestahili. Mama wa kijana hakucheka. Alimtazama mwanawe, akasema, "Si nilikuambia," ingawa kwa maelezo ya kijana yeye ndiye aliyekuwa anaambiwa, kisha akapiga kigelegele kirefu, akina mama wa pande zote mbili wakakipokea.

Nilirudi mahali pangu. Binti aliketi kwenye kiti cha jirani, akaegemeza kichwa begani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa shule. "Next time, Dad," akasema, "muulize tu."

Kijana alikuwa amefika mwisho wa meza na birika lake. Akageuka, akarudi mpaka kwangu, akaweka beseni chini ya mikono yangu.

"Baba, mikono," akasema. "Umeshika tena kisu."

Nikainyoosha. Akamimina polepole, nami safari hii sikuvitazama vidole, nilimtazama usoni. Alikuwa analia kidogo, na mimi pia, na kwa kuwa yeye alishika birika na mimi mikono yangu ilikuwa imelowa, hakuna aliyeweza kujifuta.